Mpagazi Aliyechukia Mzigo

Ukiingia kwenye karakana ya Injinia na kitu mkononi, kwanza alikipokea, akakipima, ndipo akakusalimia. Mizani yake ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye ndoano, aliyoichukua kwa muuza nyama mmoja wa Mtoni aliyefunga bucha. Nimemwona akiitundikia mkoba wa mgeni wa serikalini, kiatu cha fundi rangi, na siku moja andazi alilokuwa anataka kulila mwenyewe. Akishasoma mizani alitikisa kichwa, kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa. Machoni pake kila kitu duniani kilikuwa kizito kuliko kilivyotakiwa.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ukoje sitaeleza, sina hamu nayo. Itoshe kwamba yeye ni Mnyamwezi na mimi ni Mzaramo, mtoto wa Mtoni. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kutukuta sisi tumekaa. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akaingia jikoni kwako akafunua sufuria, akaondoka na kuku wako, nawe huna pa kushtaki. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Nayasema haya mapema kwa sababu asiyeyajua atamwona Injinia ni mwizi wa kawaida tu.

Siku ya kwanza nilikwenda kwake kikazi. Nilikuwa injinia kijana kwenye kiwanda cha sabuni, nimemaliza chuo juzi tu, na feni yetu moja kubwa ilikuwa inatetemeka mpaka inatikisa ukuta. Nikaambiwa yuko mtu mzima mmoja Mtoni, karakana yake iko nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, anasikiliza mashine kwa kuiwekea bisibisi sikioni. Nikafika, nikamwamkia shikamoo kama nilivyolelewa. Hakuitikia. Akaniuliza kabila langu, nilipomtajia akaweka spana chini.

"Mzaramo haniamkii mie," akasema. "Wewe mtumwa wangu. Nikitaka nakuuza leo leo."

Nikamjibu kwamba mpagazi hajui kuuza, kazoea kubeba. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo, pamoja na kwamba alikuwa rika la baba yangu, sikumpa tena shikamoo. Nilikuwa nikifika asubuhi namuuliza kama ameshushwa mzigo, naye ananiuliza kama kiwanja cha babu bado ninacho au nimeshakiuza nikachezee ngoma. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu kwa miaka yote.

Baadaye, alipoanza kujulikana kwa ajili ya ndege, vijana walikuwa wakimfuata kumuuliza njia ya kuingia kwenye mambo hayo. Walikuja na simu zao, wamemwona mahali akihojiwa, wanataka waambiwe chuo gani na kozi gani. Yeye alikuwa na jibu moja: anza na kitu kinachozunguka. Mwenyewe alianza na feni za kiwanda cha nguo. Kutoka feni akaenda kwenye pampu za maji, kutoka pampu akaenda kwenye vyumba vya baridi vya samaki, na kutoka hapo akaajiriwa uwanja wa ndege, kutunza yale magari madogo yanayovuta mabehewa ya mizigo. Miaka hiyo yote uwanjani alizitazama ndege kila siku na hakuruhusiwa kugusa hata moja. Nadhani hapo ndipo tamaa ilipomwingia, ingawa yeye alisema ilimwingia hasira.

Magari yale yalikuwa ya umeme, na ndiyo yaliyomfundisha betri. Alipoacha kazi akafungua karakana, akaanza kuzitoa bajaji injini za petroli na kuzitia mota. Madereva wa Temeke walimcheka kwanza, kisha wakapanga foleni. Aliponieleza kwamba kutoka bajaji anakwenda kwenye ndege, mimi pia nilimcheka. Akanikatiza. Ndege ni mashine kama mashine nyingine, akasema, ila hii ikizimika huwezi kushuka ukasukuma.

Ndege yenyewe ilikuwa kiunzi tu. Ilikuwa ya watu wawili, injini yake imekufa, wenyewe walikuwa wanataka kuikatakata wauze vyuma chakavu. Akaibeba kwenye lori la mchanga, mabawa yamefungwa kwa kanga za mama yangu ili yasikwaruzike. Ndipo akaniomba niache kiwanda. Aliniita pembeni, bila utani, akaniambia hawezi peke yake. Mabawa na mwili atavishughulikia yeye, mota na betri nitavishughulikia mimi, na popote ndege hii itakapofika tutafika nayo wawili. Nyumbani walishangaa. Mtu anaacha kazi ya kudumu, yenye bima na likizo, anakwenda kukaa na kiunzi cha ndege kwenye vumbi la Mtoni. Lakini mimi nilikuwa nimechoka na sabuni, na nilimwamini. Nilitaka jambo moja tu maishani mwangu, kutajwa kuwa injinia wa ndege ile.

Watu wanadhani shida ya ndege ya umeme ni umeme. Shida ni uzito. Injinia alilieleza hilo vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma. Mafuta yanaungua, alisema, kwa hiyo ndege inazidi kuwa nyepesi kadiri inavyokwenda. Betri haiungui. Uzito ulioruka nao ndio utakaotua nao. Basi akawa anatoboa matundu kwenye kila bati ambalo halikuhitaji kuwa zima, anakata bolti zilizozidi urefu, anakwangua rangi. Mpagazi mzima, nilimwambia, babu zako walibeba pembe za tembo kutoka Tabora mpaka baharini, wewe unaogopa nati. Alinijibu kwamba ndiyo maana, ukoo wake umeshabeba kiasi cha kutosha.

Mtu huyo huyo aliyekata bolti alikuwa akitembea na begi la mgongoni lililojaa vyuma asivyovihitaji. Beringi kuukuu, spana zilizokatika midomo, mota ya feni ya mezani. Nikamwambia alipime. Hakulipima hata siku moja. Na jambo jingine: alikuwa anaogopa kupanda ngazi. Bati la karakana lilipovuja alisimama chini akitoa maelekezo, ameshika ngazi kwa mikono miwili, na mimi ndiye niliyekuwa juu na nyundo. Hajawahi kupanda ndege maisha yake yote, aliniambia. Alipokwenda Mwanza alikwenda kwa basi.

Betri zilinitesa. Zikifanya kazi kwa nguvu zinapata joto, na joto lisipopata pa kwenda, zinaharibika au zinawaka. Tulijaribu kuzipoza kwa maji, zikawa nzito, Injinia akashika kichwa. Jibu nililipata nyumbani. Mama yangu alikuwa anauza samaki wa kukaanga, na tangu utoto nilimwona anavyowapanga kwenye ungo wakitoka kwenye mafuta. Hawalazi mmoja juu ya mwingine. Anawapishanisha, huyu hapa, yule kwenye nafasi ya katikati, ili mvuke upite. Wakigusana wananyong'onyea na wateja wanakimbia. Nikazipanga betri vivyo hivyo, nikaacha njia nyembamba za hewa zinazopindapinda katikati yao, na upepo wa panga la mbele, lile linaloivuta ndege, ukawa unapita humo. Hakuna pampu, hakuna maji. Injinia alilizungusha panga siku nzima, akaweka kiganja juu ya boksi, akanitazama. Kisha akaenda nyumbani kwetu kumshukuru mama kwa mkono. Tangu hapo boksi lile likaitwa ungo.

Nimetaja panga. Siku tuliyoliwasha kwa nguvu mara ya kwanza, tulikuwa tumeifunga ndege kwa minyororo kwenye ekseli ya lori bovu. Halikuwa na kelele tulizozitegemea, lilivuma tu. Ila upepo wake uliruka ukuta na kuanua nguo zote za jirani, shuka, kanga, sare za shule, zikaenda kulala kwenye mtaro. Yule mama alitoka na mwiko. Injinia hakujitetea. Aliokota nguo moja moja, akaomba beseni na sabuni, akakaa kwenye kigoda uani kwa watu akafua zote, akasuuza, akaanika. Mtaa mzima ulikuja kumtazama injinia akifua. Nami nilipenda kufanya kazi na mtu wa namna hiyo, sioni haya kusema.

Tena kuna msiba wa baba. Baba alikuwa akiburuta mguu wa kushoto, na alikuwa mkali kwa habari ya kuni. Asubuhi ya mazishi, nyumba imejaa, mama amekaa ukumbini hajatoa sauti, Injinia akaingia amevaa koti na kofia ya baba, ameshika bakora yake, anaburuta mguu. Akapita hadi jikoni akaanza kuwagombeza wapishi kwamba wanamaliza kuni kana kwamba msitu wa Pugu ni wa mama zao. Ilikuwa sauti ya baba kabisa. Mama akacheka, kicheko kikageuka kilio, na alipomaliza kulia akaomba chai. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Lakini baadaye, kwenda makaburini, alishika jeneza upande wa mbele na hakukubali kupokewa njia nzima. Yule mtu wa kupima andazi.

Nimeyaeleza hayo kwa kirefu ili mjue alikuwa nani kwetu. Angekuwa mtu baki nisingeumia hivi.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Nilikuwa napachika kifuniko cha ungo, kile nilichokigonga mwenyewe kwa bati la alumini, akaingia akitokea mjini, shati kalichomekea.

"Mzaramo, nimekuuza."

Sikuinua hata kichwa. Nikamuuliza kwa nani.

"Kampuni ya nje. Jumatatu wanakuja kukuchukua, wewe na ungo wako na ndege yote. Mie naenda nao."

"Waambie wasisahau kamba," nikamwambia. "Sie huwa tunatoroka."

Hakucheka. Alisimama pale akageuza geuza funguo zake. Akasema nakwambia kweli, nami nikamwambia hata mimi nakwambia kweli, maana mtani anapokudanganya ndipo anapokuapia. Akachukua kile kifuniko akakitundika kwenye mizani, akasoma, na kwa mara ya kwanza hakutikisa kichwa. Akasema ni chepesi. Kisha akaenda kwetu, akala ubwabwa wa mama na samaki, akaomba aongezewe, akaaga kama siku zote.

Jumatatu lilikuja lori lenye kontena na vijana waliovaa vizibao vya kung'aa. Msimamizi wao aliniuliza kama mimi ndiye dada wa karakana, yule anayekaa na funguo. Injinia alikuwa amewaambia nitawafungulia. Nikauliza Injinia yuko wapi, wakasema amesharuka tangu jana. Amesharuka, mtu asiyepanda ngazi. Nilimpigia simu mpaka betri ya simu yangu ikaisha. Wakafungua mabawa, wakayafunga kwa plastiki, wakapakia mota, wakapakia ungo. Kanga za mama wakanirudishia, zimekunjwa vizuri.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni mzee mwenye busara zake, amesuluhisha ugomvi wa mipaka na wa ndoa. Nikamweleza tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama huyo Injinia ni Mnyamwezi. Nikasema ndiye. Akaniuliza kama aliniambia kabla ya kuchukua. Nikasema aliniambia, ila nilidhani ni utani. Mwenyekiti alijizuia, lakini mabega yakamtikisika, na wazee wawili waliokuwa kwenye benchi wakashindwa kabisa kujizuia.

"Sasa binti yangu," akasema, "mtani kachukua kuku, nikuandikie nini?"

Hawakuwa watu wabaya. Walijua sheria ya utani kuliko wanavyojua sheria ya ndege, basi. Habari ikazunguka mtaa mzima kama kichekesho, kwamba Mzaramo kauzwa kweli safari hii. Madereva wa bajaji walinisimamisha njiani kuniuliza mnunuzi keshakuja. Nilicheka nao, kwa sababu ukinuna wewe ndiye mwenye kosa.

Mama ndiye aliyeniumiza zaidi bila kukusudia. Yeye aliamini mpaka mwisho kwamba ni utani mrefu. Kila Ijumaa alimwekea Injinia kipande chake cha samaki, akikifunika kwa sahani. "Atarudi huyo," alisema. "Anataka akuone unavyolia, aje atuvunje mbavu." Alikiweka mpaka nilipomwambia aache, na siku nilipomwambia, tuligombana. Baadaye aliniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini mtu huyo asingekuja akamwambia yeye.

Nilikuja kuiona ndege yetu kwenye simu. Imepakwa rangi nyeupe, inaruka juu ya majani mabichi ya nchi isiyo na vumbi, na chini ya pua yake nikakitambua kifuniko changu kwa pale nilipokosea kukunja kona. Injinia alionekana amesimama chini, amevaa koti, akihojiwa. Mwandishi alimtambulisha kama mtu aliyetengeneza ndege ya umeme peke yake kwenye kibanda Afrika. Nilisubiri amsahihishe. Alitabasamu, akaanza kueleza habari za uzito.

Kiwandani nafasi yangu ilikuwa na mtu mwingine. Sasa nafundisha kwenye chuo cha ufundi, mota na betri, na sijambo. Wanafunzi wangu wananiuliza njia ya kuingia kwenye ndege, nami najikuta nawaambia waanze na kitu kinachozunguka. Nikishasema hivyo nachukia kutwa nzima.

Mwaka huu kulikuwa na kongamano la mainjinia vijana kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach, chuo kikanituma niwapeleke wanafunzi. Sikujua ni nani mzungumzaji mpaka alipopanda jukwaani. Alikuwa amenenepa kidogo, miwani mipya, begi la mgongoni hana. Nikaamua nitakaa. Nitamsikiliza mpaka mwisho, labda leo, mbele ya watu wa nyumbani, atanitaja. Naam, bado nilikuwa nataka hilo, baada ya yote.

Akasimulia safari yake. Feni, pampu, samaki, uwanja wa ndege, bajaji. Alipofika Mtoni, akasema alikuwa na karakana ndogo na fundi mmoja mmoja wa kumsaidia. Msichana wa mstari wa mbele akainua mkono akauliza, betri alizipozaje bila maji. Injinia akafurahi, lilikuwa swali zuri. Akaeleza kila kitu, zinavyopishana, njia za hewa, upepo wa panga. Alieleza kwa usahihi kabisa.

"Hilo boksi tuliliita ungo," akamalizia. "Jina hilo sijui hata lilitoka wapi."

Ukumbi ukacheka kidogo, ukampigia makofi. Mimi nilimwona mama yangu na sahani iliyofunika samaki.

Wakati wa chai nilisimama karibu na mlango nikiwakusanya wanafunzi. Akaniona kutoka mbali. Uso wake ulishtuka kwanza, kisha ukachagua kufurahi, akaja akipasua watu, mikono wazi, akipaza sauti ili wote wasikie.

"Mzaramo! Kiwanja cha babu bado unacho, au umeshakichezea ngoma?"

Watu wakageuka wakitabasamu. Kila mtu pale alielewa ni watani, na kila mtu alisubiri jibu langu. Nilikuwa nalo. Miaka yote ile nililiandaa, lilikuwa kali, lingemwangusha chini kwa kicheko. Tungeshikana mikono, angeniuliza hali ya mama, na yote yangekwisha pale pale, kuku angekuwa kuku. Alilitaka jibu hilo. Akasogea, akateremsha sauti.

"Mie nilikwambia, mtani. Nilikwambia kwa mdomo wangu, mwenyewe ukacheka."

Nikashusha mkoba wangu begani, nikaupokea kwa mkono wa kushoto, nikainamisha kichwa kidogo kama tulivyofunzwa kwa watu wazima.

"Shikamoo, mzee."

Alibaki na mikono imenyooka. Akatazama kama midomo yangu itacheza, akasubiri, na waliotuzunguka wakaanza kurudi kwenye vikombe vyao, maana hapakuwa na la kuchekesha. Mikono yake ikashuka polepole.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kama unavyomwitikia mtoto wa mtu usiyemjua.